Uzi Mwekundu Kwenye Mbegu

Jumapili, 9 Novemba

Nimetoka kuchambua viazi. Mikono ina udongo, ukurasa utanisamehe.

Sijui kuanza bila salamu. Nilifundishwa barua tu, tena mpaka darasa la nne. Basi, kamwene. Mimi mzima. Baba Tumaini mzima, goti tu linamsumbua baridi ikizidi. Mama mkwe mzima, anakula vizuri na kulalamika vizuri. Ng'ombe mzima. Ndama mzima ila mjinga. Tumaini wetu wa Njombe mzima, kapiga simu leo. Wifi Esteria wa Kidugala mzima, alipita jana nikiwa sokoni, hatukuonana. Makambako upepo ule ule.

Daftari hili kanipa Tumaini. Alisema, mama, mawazo yakikuzidi andika. Yamenizidi.

Ni ile karatasi. Tumaini anachora nembo za biashara kwenye kompyuta, wateja wako mbali, wanamlipa sarafu za mtandaoni. Mimi siwezi kuzishika. Zinalindwa na kidude kidogo kama flashi, kina namba ya siri. Simuni kuna apu ya kuziangalia, lakini bila kidude haziendi popote. Na kidude kikifa, yapo maneno ishirini na manne ya Kiingereza kwenye karatasi. Mwenye maneno ndiye mwenye mali. Chumba chake kilivunjwa mwaka jana, kwa hiyo kidude kinakaa Njombe, karatasi kwangu. Nisipige picha. Nisinakili. Nisimwonyeshe mtu. Hata hapa siandiki.

Nimeficha vizuri. Wezi wanatafuta chini ya godoro. Mimi nimeitia kwenye nailoni, nikaifungia ndani ya maganda ya hindi la mbegu, kule juu ya mafiga kwenye moshi. Mbegu hakuna anayekula. Fungu lake nimelifunga uzi mwekundu ili nilijue.

Sarafu zote hizo ni za kununulia shamba la parachichi. Miaka mitatu anaweka. Mzee mwenye shamba amesema anasubiri mpaka Jumamosi, ikipita hapo anauza kwa mwingine.

Jumatatu, 10 Novemba

Kidude kimekufa. Tumaini kafua koti, kidude kikiwa mfukoni. Kimelala kwenye beseni la sabuni asubuhi nzima.

Mwenyewe hana wasiwasi. Anasema, mama, ndiyo kazi ya karatasi. Ameagiza vidude vipya viwili, kimoja cha akiba. Vinafika na basi Alhamisi. Ijumaa nimpelekee karatasi.

Nikaenda jikoni kuangalia. Mafungu manne. Jana yalikuwa matano? Juzi? Uzi mwekundu hakuna.

Baba Tumaini alikuwa anakunywa chai. Nikamuuliza.

"Nimempa dada. Si kila mwaka anachukua mbegu kwetu? Nikaona moja umelifunga uzi mwekundu, nikajua umemtengea yeye."

Kila mwaka namtengea, kweli. Hakukosea. Nimekosea mimi. Nilikaa chini pale pale penye majivu.

Simu ya Wifi haipatikani. Yeye huzima kutunza chaji.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua kutwa. Barabara ya Kidugala haipitiki kwa bodaboda. Simu bado imezimwa.

Tumaini kapiga anacheka. Aliuliza kwenye kundi la simu habari za kidude kuloa maji, mara mtu asiyemjua akampigia, sauti nzuri, eti ni huduma kwa wateja, amtajie maneno yote amsaidie. Akamkatia na kuifungia namba yake. Ananiambia, mama, yeyote anayeuliza yale maneno ni mwizi, hata akiwa na sauti ya mchungaji.

Nikasema ndiyo mwanangu. Sikumwambia. Naogopa. Najichukia kidogo.

Wifi akishapukuchua, maganda anawashia moto. Miaka mitatu ya mwanangu, moto wa chai.

Sijala.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefika Kidugala saa nne, viatu mkononi, kiroba cha viazi kichwani. Siwezi kufika kwa Wifi mikono mitupu hata nikiwa nakufa.

Alikuwa jikoni kwa shule anakopika, anakoroga maharage. Hakunijibu kamwene. Alisimama wima kama yuko kwaya akaanza kunitajia maneno ya Kiingereza. Moja, likafuata jingine, na jingine. Nilidhani amepandwa na homa.

Halafu nikaona ukuta. Karatasi yetu. Imebandikwa kwa ugali, karibu na sufuria.

"Wifi! Hiyo karatasi!"

"Asante sana, wifi. Nimeyashika yote ishirini na manne!"

Kumbe wakati wa Pasaka aliniambia anaona aibu. Anapikia wageni shuleni, wanamsemesha Kiingereza, yeye anabaki kucheka tu. Alipofungua lile hindi akakuta maneno yamepangwa kwa namba, akasema wifi yangu hakusahau, kaniletea somo, tena kalifunga uzi. Kashinda siku nne anakariri.

Nikacheka, nikalia, nikacheka. Akanipa maharage. Nikala sahani mbili.

Nikamweleza. Ukweli wote. Akaweka mkono mdomoni.

"Sasa wifi, mbona hukusema? Mimi nimewafundisha na wapishi wenzangu."

"Mangapi?"

"Kumi tu. Hawana akili za haraka."

Tumeibandua kwa maji ya moto, polepole. Namba tisa na namba ishirini zimeliwa na mafuta ya maharage. Hazisomeki kabisa, hata kwenye jua. Wifi akajigonga kifua. Anasema anazijua. Sijui nimwamini au nisimwamini. Leo hii hakukumbuka alipoweka miwani yake, ilikuwa usoni.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemwambia Tumaini. Nilisimama nyuma ya banda, nikasema bila kupumua.

Nikasikia anavuta pumzi. Nikajua sasa nimempoteza mwanangu. Kisha kicheko, mpaka akakohoa. Kisha sauti ndogo.

"Mama, usitaje hata neno moja kwenye simu. Na shangazi asitaje. Mlete mwenyewe."

Halafu akasema haraka hizo sarafu lazima zihame, maana maneno yakishajulikana si siri tena. Wapishi wanajua kumi, lakini karatasi ilikuwa ukutani, kila aliyechota chai ameiona.

Wifi analala kwetu leo. Ananyoosha kitenge kipya. Ungedhani tunakwenda harusini.

Ijumaa, 14 Novemba

Njombe. Baridi, na moyo wangu baridi zaidi.

Tumaini alikagua vidude kwanza, boksi halijafunguliwa. Akaanza kuingiza maneno kwenye kimoja, yeye na karatasi. Alipofika la tisa akamgeukia shangazi yake. Wifi akasimama kama kwaya. Akalitaja. Likaingia. La ishirini akafumba macho. Nikasema moyoni, Mungu, mpe huyu mama hili moja tu, miwani nitamtafutia mimi.

Akalitaja.

Kidude kikafikiri. Nasi tukafikiri. Halafu apu ikawaka, sarafu zote zipo. Baba Tumaini, ungeona! Wifi alicheza mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

Kazi haikuisha. Kidude cha pili kilitengeneza maneno yake mapya, mimi na Wifi tukageuzwa uso ukutani kama watoto watundu. Wifi akalalamika, yeye angeyashika mara moja. Tumaini akasema ndiyo maana.

Kisha anwani ya kuhamishia. Herufi nyingi, hazina maana. Mimi nikasoma za simuni, Tumaini akafuata za kwenye kidude, moja moja. Mimi wa darasa la nne. Sikukosea hata moja. Akatuma kidogo kwanza. Tukanywa chai tukisubiri. Imefika. Akatuma zote. Chai nyingine. Zimefika.

Karatasi ya zamani tumeichoma. Sarafu za bei ya shamba zimebadilishwa kuwa shilingi, mzee kalipwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Siku moja kabla ya Jumamosi yake.

Jumapili, 16 Novemba

Tumepanda mahindi yetu leo baada ya ibada. Mafungu manne yamenitosha. Udongo mzuri, umeloa.

Karatasi mpya ninayo. Ipo wapi, siandiki. Baba Tumaini anajua, mimi najua. Si kwenye mbegu.

Wifi kawasha simu leo kunipa habari. Mgeni wa shule alimsalimia, naye akamtajia maneno yote ishirini na manne kwa mpangilio. Mgeni akampigia makofi. Anaomba karatasi nyingine. Nimemwahidi ya salamu, ya dukani. Yale ya zamani na ayaimbe atakavyo. Hayafungui kitu tena.

Goti la Baba Tumaini limepoa. Mama mkwe amekula. Ndama bado mjinga.

Tumaini yuko shambani kwake, wanaweka vigingi vya mpaka. Nimemwandikia ujumbe kwa herufi zangu kubwa: mwanangu, kigingi cha mwisho kikishaingia, nijulishe upesi, leo leo. Simu iko mezani. Naipangusa vumbi nikisubiri jibu lake.