Kulia haitoi

Fiza, upo? Nshatoka nje ya duka la Fayaz, siwezi kumtazama baba.

Si alikuja kuchagua hedifoni za studio, zile za kufunika sikio zima? Za zamani kasema zimekufa upande wa kulia. Fayaz kamtolea aina mbili. Baba kavaa ya kwanza, kaweka fidla yake mwenyewe aliyoirikodi. Besi nzuri, kasema, lakini inabana, halafu kulia haitoi sauti.

Kavaa ya pili. Laini, nyepesi, raha tupu. Kulia haitoi!

Wallahi kahamaki. "Fayaz, mimi wa kuniuzia mabovu? Mimi?"

Fayaz kaivaa mwenyewe, kasikiliza pande zote mbili. Kamvisha baba tena, safari hii kaigeuza, upande wa kushoto ukakaa kulia. "Na sasa, Ami Talib?"

Baba kasikiliza. Kasikiliza weee. "Kulia haitoi."

Kulia, Fiza! Kaigeuza na bado kulia!

Unawakumbuka wale wa harusi ya Jang'ombe, waliorudisha rikodi aliyowatengenezea baba wakisema upande mmoja unapiga kelele? Baba akawafokea, akawaambia hawana masikio. Ndo nnalolifikiria hapa.

Kakaa kwenye kiti cha Fayaz, mkono kauweka sikioni. Fayaz kamuuliza taratibu, "Nikufungie ipi, ami? Ile ya mwanzo ndo yenye sauti."

"Nipe hiyo isiyobana," kasema. "Sauti basi tena."