Nilimwambia Bosi "Tamam", na Mnyororo Hauingii

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla theluji haijaanguka, maana ikianguka tutasafiri na nitakuwa nimechelewa. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane kutoka Nanyuki, dereva wa nyumbani hapa Al-Rawdah, Jeddah, mwaka wa tatu sasa, na shida yangu ilianzia Nairobi kwa wakala ambaye, aliposikia natoka chini ya Mlima Kenya, aliandika kwenye karatasi zangu kwamba nina uzoefu wa kuendesha gari kwenye theluji, nami nikacheka na kutia sahihi kwa sababu nilikuwa naenda jangwani, na ni nani angeuliza.

Bosi ameuliza. Majira ya baridi theluji huanguka kwenye milima ya Tabuk, huko kaskazini, na watu huendesha kutwa nzima kwenda kuiona, na mwaka huu bosi amepatana na ndugu zake wa Riyadh wakutane huko, kila mmoja na familia yake, na amewaambia kwamba wao wana madereva tu lakini yeye ana mtu wa theluji, hata ananiita Abu Thalj, baba wa theluji, mbele ya wageni, na wageni wanacheka na mimi nacheka. Maryann, mwanamke wa Busia anayelea watoto wao watatu, hucheka kuliko wote. Husema, "Wewe Danson, theluji umeiona kwa friji."

Basi nikatumwa kununua minyororo ya kufunga kwenye tairi. Nilisoma namba iliyo ubavuni mwa tairi, nikatafuta boksi lenye namba ileile, nikachagua mnyororo mnene kuliko yote dukani maana niliona mnene ndio wenye nguvu, nikajua kazi imeisha. Lakini gari hili kubwa bosi alilibadilishia magurudumu mwaka jana, akaweka rimu kubwa na tairi pana za kuringia, na sasa zimejaa ndani ya madigadi hadi hakuna nafasi. Nililipeleka mtaa wa Bani Malik kwa Mbarouk, Mzanzibari aliyezaliwa hapahapa Jeddah, ana duka la tairi, ili anifundishe kufunga. Aliinua gari, akafunga mnyororo gurudumu la mbele, akalizungusha kwa mkono huku mimi nikikata usukani, na upande wa ndani tukasikia mkwaruzo. Akanimulikia kwa tochi: mnyororo ulikuwa umeichana kidogo paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki. Tukajaribu nyuma, ukagonga shokabu. Akanisomea kitabu cha gari, maana kimeandikwa kwa Kiarabu na mimi Kiarabu nakiongea tu, sikisomi, nacho kinasema mnyororo ufungwe magurudumu ya nyuma peke yake, yale ya kiwandani, tena uwe mwembamba. Akafuta mikono, akasema, "Hapa kidole changu hakipiti, bwana, mnyororo utapita wapi? Huko mlimani paipu hii itakatika, na breki itakwenda nayo."

Nilirudi nikamkuta bosi getini. Akauliza, "Tamam?" yaani kila kitu sawa? Nikajibu, "Tamam."

Jioni hiyo Maryann hakucheka. Aliniuliza kama nimeijaribu kweli, kwa sababu yeye ndiye anayekaa nyuma na watoto, na mdogo hajafika hata miaka miwili. Nikamwambia nimejaribu na iko sawa. Hiyo ni wiki mbili sasa, na kila asubuhi nawapeleka wale wawili wakubwa shule kana kwamba hakuna kitu, huku bosi akiangalia hali ya hewa kwenye simu. Nikisema ukweli, swali litakalofuata ni kwa nini mtu wa theluji hakujua, na karatasi za Nairobi zitafunguliwa, na kafili, yaani bosi aliyenidhamini, akisema halas, basi imekwisha, narudi kwa Celestine mke wangu na begi moja. Nimewaza niseme gari lina hitilafu, nimewaza nijifanye mgonjwa siku ya safari, nimewaza pia kwamba pengine mnyororo utashika tu na turudi salama. Nifanye nini?

Danson, Jeddah

*

Danson,

Majina yenu nimeyabadilisha. Jibu hili nilikutumia kwenye simu siku ileile barua yako ilipofika, kwa sababu gazeti hutoka mara moja kwa wiki.

Pole. Najua mtu ambaye ikama yake, kibali chake cha kukaa, iko mkononi mwa mwingine hujifunza kusema ndiyo haraka. Lakini tuseme mambo kwa majina yake. Ule uongo wa wakala haukumdhuru mtu kwa miaka mitatu. "Tamam" ni yako peke yako, na uliisema ukiwa umeshaonyeshwa kwa tochi.

Nimeandika habari za ajali kwa miaka ishirini na sita. Ripoti husema breki zilikataa. Nikimfuata fundi, au mke wa dereva, mara nyingi nakuta kulikuwa na mtu aliyejua tangu juzi.

Ukijifanya mgonjwa, bosi atashika usukani mwenyewe, minyororo ikiwa kwenye buti na Maryann kwenye kiti cha nyuma. Utakuwa umejiokoa wewe tu. Ukisingizia hitilafu, gereji itamwambia gari ni zima, na siku utakaposema kweli hatakusikia.

Anza na Maryann. Ulimdanganya mtu asiye na usukani wala sauti katika safari hiyo. Tena ukishamwambia hutaweza kurudi nyuma, na najua utataka.

Kisha nenda kwa bosi, mchana, akiwa hana wageni. Mwambie: "Baba, nilikosea. Nilisema tamam, na si tamam." Usieleze zaidi. Mpe kitabu cha gari, ukurasa ukiwa wazi. Kiarabu yeye anakisoma. Mpeleke kwenye gurudumu, aingize kidole chake mwenyewe. Akiuliza habari za theluji, mwambie hujawahi kuendesha ndani yake.

Akitaka bado kwenda, muulize magurudumu ya kiwandani yako wapi. Rimu kama hizo watu hawazitupi, huziweka stoo. Yarudishwe hayo, na ununuliwe mnyororo mwembamba uliotengenezwa kwa gari lenye nafasi ndogo. Namba ya tairi inakuambia mnyororo utalizunguka gurudumu. Haikuambii kama kuna nafasi nyuma yake. Mbarouk aufunge na kuuzungusha mbele ya bosi, kabla hamjaondoka Jeddah. Ukigusa chochote, gari libaki chini ya mlima na watoto waione theluji kwa miguu. Minyororo ile minene isirudi ndani ya gari hilo.

Kazi yako siwezi kuiahidi. Huenda ukapandishwa ndege. Mwambie Celestine leo, ajue sababu kutoka kwako.

Lakini kuna jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Unaniomba msaada kabla theluji haijaanguka. Paipu ya breki ilichanika Bani Malik wiki mbili zilizopita, hukusema popote kwamba imebadilishwa, na kila asubuhi unasimamisha gari hilo kwenye taa za barabarani, watoto wawili wakiwa nyuma. Kesho usiliwashe.