Balozi Esnah Bosibori, Uliyezikwa Nje ya Ua

Dada Esnah, mwaka umetimia tangu tukuzike, na hasira yangu haijapoa. Mimi Celestine, mdogo wako, ndiye niliyepewa kalamu na familia nikuandikie gazetini, na naanza na pale ulipolazwa: nje ya ua wa baba yako, ukingoni mwa shamba la chai, kana kwamba ulikuwa mpita njia aliyefia barabarani.

Mama amekaa hapa kando yangu anachambua mboga. Ananiambia nisianze na ugomvi, nianze na wema wako. Haya mama, nimesikia.

Ulikuwa balozi wetu Ethiopia, kisha Thailand, kisha Brazili, na kote huko ulibeba chinsaga kavu, mboga ya kwetu, kwenye sanduku. Wakaguzi wa uwanja wa ndege wakiinusa, ulianza kuwaeleza inavyopikwa na maziwa mpaka wakachoka wakakuachia. Jumamosi, siku yetu ya Sabato, ukijua tumetoka kanisani, ulipiga simu, ukaongea Ekegusii kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya bonde hata tukikwambia tunakusikia vizuri. Ukija likizo hapa Manga, viatu vya ofisi vilibaki garini. Ulivaa gambuti za mama, ukabeba kikapu mgongoni na kuchuma chai naye mvua ikiwanyeshea. Majirani walipokuuliza utaolewa lini, ulicheka. "Mkimpata anayejua kupika, mleteni."

Kazi uliyoipenda kuliko zote ni ile ya kule Ethiopia, ulipokaa chini na wafugaji wa pande mbili za mpaka waliokuwa wakiuana kwa ajili ya kisima. Ulituhadithia jikoni. "Huwa naanza kwa kuwauliza, huu mpaka aliuweka nani? Wakishataja jina la mtu, wanaona ni kazi ya mkono tu." Mwishowe walikubali kunywesha mifugo kwa zamu. Mama alikuwa akipepeta wimbi. Alikusikiliza huku akipuliza makapi.

Wema nimeusema, mama. Sasa niachie.

Tulikuchimbia kaburi kando ya baba, pale kwenye migomba. Jioni ya kuamkia mazishi, baba mdogo Onchiri akaja na wazee wa ukoo. Binti ambaye hakuolewa, wakasema, hazikwi ndani ya boma la baba yake; akizikwa humo, wasichana wote wa ukoo watakosa waume. Kaka yetu Ombati alisimama kuwapinga, wakamwambia akae chini, yeye ni mtoto. Ombati ana wajukuu! Na kwa kuwa kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, wakakata shina la mgomba, wakalilaza mle ndani na kulifukia. Mgomba, dada! Mgomba ndio uliolala kando ya baba yetu, na wewe ukapelekwa nje.

Kesho yake wakubwa wa serikali wakaja na bendera. Wakakusifu kwamba hukushindwa kupatanisha watu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini jeneza lilipita langoni, likazunguka nyuma ya nyumba na kutokea upande wa pili. Baba mdogo huyo huyo akashika maikrofoni na kukuita fahari ya ukoo. Fahari gani hiyo ya kutupwa nje? Alipokutembelea Addis Ababa alilala chumba cha wageni wa heshima, na mbele ya mabalozi wenzako ulimtambulisha kama baba yako mzazi. Hukumwambia alale getini. Baba mdogo, najua utaletewa gazeti hili. Soma vizuri, usiruke mstari.

Tulipokuwa tukikurushia udongo, binti yangu Ashley alinivuta leso. "Mama, na mimi nisipoolewa mtaniweka wapi?" Nimetembea na swali hilo kifuani miezi na miezi, na kila nikikutana na wale wazee sokoni damu inanichemka.

Wengi walitushauri twende mahakamani, tukufukue. Mama akakataa katakata. "Mtoto wangu hachimbuliwi kama kiazi." Tukadhani amekubali yaishe. Mvua za masika zilipoanza alitoka na panga, akaenda moja kwa moja kwenye ule ua wa kayaba na kuanza kuufyeka. Tulimkimbilia tukidhani uchungu umempanda kichwani.

"Huu ua aliupanda nani?" akatuuliza.

Akafyeka tawi jingine.

"Niliupanda mimi, nikiwa bado bibi harusi, miiba ikinichoma mikono yote. Baba yenu alisimama pale mlangoni akinicheka."

Basi tukaelewa. Ombati aling'oa visiki, mimi na Ashley tukachimba mashimo, akina mama wa kanisani wakaleta miche. Tuling'oa na chai pia, Nyasae atusamehe, chai nzuri kabisa, tukaupitisha ua mpya nyuma ya kaburi lako. Wewe hatukukugusa. Umelala pale pale.

Baba mdogo alifika mbio kwa bodaboda. "Nyakerario! Nani amekuruhusu kusogeza boma la ndugu yangu?"

Mama hata hakuinua kichwa. "Nilipoupanda mara ya kwanza sikumwomba mtu ruhusa. Shika huo mche, shemeji, unaanguka."

Ungekuwepo, dada, ungecheka mpaka ukae chini! Aliushika, maana mama alikuwa ameshamwachia mkononi. Akasimama nao hivyo mpaka mama alipomaliza kushindilia udongo, kisha akapanda bodaboda yake na kwenda bila kuaga. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa.

Kayaba bado ni fupi na mbuzi wa jirani wanairuka watakavyo. Itakua. Jumapili hii tutafanya maombi kaburini kwako. Anayetaka kuja apite langoni, salamu kwa mama kwanza, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kukufikia sasa. Hata wewe, baba mdogo, njoo. Hasira sijaimaliza, lakini chai tutakupa.

Tunaokukumbuka ni mama yako Nyakerario, aliyekuzaa na kukurudisha. Kaka yako Ombati. Mimi mdogo wako Celestine. Na Ashley, ambaye sasa anajua atawekwa wapi.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Esnah. Uko ndani.