Fainali ya Ukutani kwa Bi Zuwena

Mjukuu wangu Nasra,

Barua yako imetukuta wazima, alhamdulillahi. Goti la bibi yako limepoa, na mamako keshahamia Ghubra.

Umeniuliza, baada ya kutazama huko Uhispania mashindano ya mataifa ya pelota, huo mchezo wa Wabaski wa kupiga mpira ukutani kwa kiganja, kama mimi nauelewa. Wa kwetu ulifanana nao. Mwaka wa sitini na sita tulikuwa wageni hapa Maskati, tumetoka Unguja. Ya safari tuyaache. Mimi, Murad Mbaluchi na Kishor Mhindi tukicheza kwenye ukuta wa jirani yetu, Bi Zuwena. Tuliyaita mashindano ya dunia, maana kila mtu na taifa lake.

Siku ya fainali, mimi na Murad tuko sare, kikazuka kilio ndani. Mume wa Bi Zuwena kafariki. Tukauacha mchezo pale pale, na muda wote aliokaa eda hatukuugusa ukuta ule. Tuliona ndiyo heshima.

Alipotoka eda nilikwenda kumsalimia.

"Mbona mlininyamazia, mwanangu?" akasema. "Nyumba ilikuwa kimya, nami kila alasiri nikitega sikio." Kisha akaniuliza, "Haya, nani alishinda?"

Murad alikuwa keshakwenda Bahreni kutafuta kazi. Fainali ile haikumalizika mpaka leo.

Nawe hukuniandikia nani kachukua ubingwa huko. Nambie, mjukuu wangu. Usiniache kama nilivyomwacha Bi Zuwena.

Babu yako,
Saidi