Nilivyowapeleka Wageni Kunywa Kahawa ya Msiba

Mji Mkongwe, Unguja

Kaka Makame,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na Mama awe anaendelea vyema na eda yake hapo Miburani. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio umechoka. Simu zangu hupokei, basi nimempa shangazi Mwanaisha akuletee barua mkononi. Yeye usimnunie.

Kazi yangu unaijua: kuwatembeza wageni mjini humu, kutoka kwa muuza kahawa mmoja hadi mwingine, nikiwasimulia habari za majumba ya kale. Nimeichoka, kaka. Wanataka sukari ndani ya kahawa chungu, na ukiwaambia utamu uko kwenye kashata wanakutazama kana kwamba umewanyima. Bosi naye kanipa karatasi ya historia niikariri, nusu yake uongo, na nikikosea anafoka. Vichochoro vyenyewe mpaka leo vinanipoteza.

Jumanne vilinipoteza kweli. Muuza kahawa niliyemzoea hakuwapo, nikakata kona mbili, nikaona wanaume wameketi mikekani nje ya nyumba, mdila wa kahawa uko juu ya makaa, vikombe vinazunguka. Nikashukuru Mungu. Nikatoa salamu, nikawaketisha wageni wangu watatu, tukamiminiwa. Bibi mmoja akasifu tangawizi, mwenzake akatoa simu apige picha, nami nikaanza kutapika uongo wa bosi kwamba baraza hiyo ilikuwa ya masultani. Watu wakaweka vikombe chini. Ndipo nikasikia wanawake wakilia ndani.

Nilikuwa nimewaleta kwenye matanga. Mimi, mtoto wa Mafia niliyekulia kwenye mikeka ya hitima, nione matanga nisiyajue! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwomba radhi aliyekuwa akimimina, mwanamume wa rika lako, kumbe ndiye mfiwa mwenyewe. Baba yake alikuwa amezikwa jana yake. Nilipotaka kuwainua wageni akanizuia.

"Kaa umalize kikombe chako," akasema. "Aliyefika kwenye msiba wa baba hafukuzwi."

Kisha akaniuliza kama baba yangu yu hai. Nililia pale pale mbele ya wageni na simu zao, kilio ambacho sikukilia siku uliponipigia kuniambia Baba hatunaye. Yule bwana akaniongezea kahawa, akaniacha nilie.

Siku ile uliniambia, "Kaa huko na kahawa yako," kwa kuwa bosi alininyima ruhusa nami nikatii. Nilikukasirikia sana. Sasa naona ulisema haki. Nimekaa matanga ya baba wa mtu nisiyemjua hata jina, ya baba yangu sikukaa.

Jana nimeomba ruhusa nije kwenye arobaini. Bosi akasema wageni ni wengi, nikiondoka nisirudi. Nimemrudishia karatasi yake ya historia.

Nisalimie Mama, umwambie nakuja. Msalimie shemeji Zuhura, na mjomba Hamadi wa Kirongwe, aliyemwosha Baba wakati mimi nikiwaeleza watu habari za kashata.

Na siku ya arobaini, kaka, mdila wa Baba usimpe mtu mwingine. Kama hutaki kusema nami, usiseme. Nitakumiminia, nawe unywe tu.

Mdogo wako,
Shabani