Mpangaji wa Ghorofa ya Juu

Jumapili, 11 Novemba
Wanunuzi wamekuja kuiona nyumba. Dalali wa binti yangu Sora ndiye aliyewaleta. Sora mwenyewe alikuwa zamu kazini. Mume anaitwa Taegyu, mke Yerin, mtoto wao Dani ana miaka minne. Nimewatembeza chini, juu, mpaka kwenye paa penye mitungi ya michuzi ya soya. Mume alikagua mabomba. Mke akasimama dirishani jikoni, akawatazama watoto kichochoroni.
Akauliza, mama, hapa wanacheza nje peke yao? Nikamwambia si peke yao, kila dirisha lina mama yake. Halafu nikaona haya. Naongea kama dalali!
Tangu marehemu mume wangu aniache, mwezi wa nne, Sora anasema ngazi hizi zitaniua. Fleti yake kule Ilsan ina lifti, na chumba kimoja kitupu. Ni kweli. Goti ni langu, nalijua.

Jumatatu, 12 Novemba
Jirani yangu Mama Seokhun kanikamata sokoni. Jana aliwaona wageni. "Kumbe umepata wapangaji wa juu, hata huniambii! Na mtoto juu yake! Kichochoro kilishakuwa kimya kama wodi!"
Sikumsahihisha. Mtaani kwetu watu hupangisha ghorofa ya juu. Kuuza hakumpitii mtu akilini. Nikanunua figili nikarudi nyumbani.
Seokhun ana kipara sasa, na mama yake bado anaitwa kwa jina lake. Mimi vilevile, Mama Sora. Kule kwenye lifti nitaitwa nani?

Alhamisi, 15 Novemba
Mtihani wa taifa. Mtaa mzima kimya — hata muuza mayai kazima kipaza sauti cha lori lake.
Mwaka wa Sora, Mama Seokhun alitubandikia peremende ya kunata getini ili kufaulu nako kunate. Marehemu akaegemea. Koti lake la kuendea harusi likanata vizuri sana! Sora alifaulu hata hivyo.
Siku zile jioni tuliwaita watoto kutoka madirishani, wali tayari, wali tayari, na nusu yao walikuwa wameshakula kwa jirani. Sora nilimjua kwa harufu: akinuka mafuta ya ufuta, ametoka kwa Mama Seokhun.
Leo nilifungua dirisha nikaita. Kidogo tu, kujaribu. Soraaa! Paka akageuka.

Jumapili, 18 Novemba
Sora kapiga simu. Taegyu kakubali bei. Kusaini ni Jumatatu, tarehe 26. Akauliza kama nimeshawaambia majirani. Bado. Akamaka, Mama! Nikasema nitawaambia siku ya kutengeneza kimchi, kabichi zetu za pilipili za msimu wa baridi, wakiwa wote pamoja. "Wakiwa na pilipili mikononi? Watakupaka usoni, shauri yako!" Tukacheka.
Halafu akauliza geti bado linalia vilevile? Nikatoka na simu, nikalisogeza asikie. Akaomba nilisogeze tena.

Ijumaa, 23 Novemba
Kabichi zote zimelowekwa chumvini. Goti!!

Jumamosi, 24 Novemba
Theluji ya kwanza, tena nzito. Uani hapakaliki, kwa hiyo tumetandaza plastiki sebuleni, wanawake saba na kilima cha kabichi katikati. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu: Jamani, nina neno.
Hodi mlangoni. Yerin! Na Dani mgongoni, na glavu mpya za mpira. Kumbe juzi walipita kuangalia shule ya chekechea, Mama Seokhun akawanasa: mpangaji wa Mama Sora hawezi kununua kimchi dukani, ni aibu yetu sote. Yerin akadhani mwaliko umetoka kwangu.
Hata hajakaa vizuri, jina lake limeshasahaulika. Mama Dani, lete pilipili! Mama Dani, kabichi haibembelezwi, ipake mpaka ndani! Dani akapita paja hadi paja, kila paja likimlisha.
Mama Seokhun akafunga nyama kwenye jani, akamtia Yerin mdomoni kwa mkono wake. "Sasa, Mama Dani, juu mnahamia lini? Huyu Mama Sora msiri mno."
Mdomo umejaa, hawezi kujibu. Akanitazama. Mikono yote ikasimama.
Nikasema, "Juu panahitaji karatasi mpya za ukutani kwanza."
Yerin akameza. Akauliza polepole, "Na wewe, mama, utakuwa chini?"
"Kwani aende wapi!" Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa akinisubiri niseme, nauza au napangisha.
Wenzangu wameondoka. Yerin amekataa kwenda, anaosha vyombo. Dani amelala hapa kwenye godoro langu. Sora amepiga mara mbili, sijapokea. Taegyu yuko njiani kuja kuwachukua — sijui mkewe amemwambia nini. Maji yamefungwa jikoni. Yerin anaita:
"Mama Sora! Haya mabeseni niyapeleke juu, au yabaki chini?"