Daftari la Tarishi

Kaka yangu Mwalimu,

Pokea salamu zangu wewe, wifi na watoto. Natumaini kile kifua kilichokusumbua kimepoa. Mimi ni mzima, macho tu ndiyo yanayoniuma, na kazi hii ya usahihishaji ni macho matupu. Mama hajambo, isipokuwa goti lake akipanda ngazi.

Kitabu chako kilifika mezani kwangu mwezi uliopita. Msimamizi wetu wa uchapaji alinitania kuwa sasa nimepata nafasi ya kumsahihisha kaka aliyenitandika utotoni. Nilicheka. Kisha nikafungua, nikakuta jozi mia mbili za maneno ya Kiingereza ambayo watu huyachanganya, na kicheko kikanikauka.

Zote zimetoka kwenye daftari la Baba, Kaka, nalijua. Baba alilianza siku makarani walipomcheka ofisini kwa kuomba kalamu akitumia lend pahali pa borrow. Sisi kwetu yote ni kuazima, angejuaje? Tangu hapo, kila Jumapili mchana alikaa mezani, viatu vyake vya utarishi vikikauka dirishani, akaandika neno moja ukurasa wa kushoto na mwenzake ukurasa wa kulia, yasije yakamchanganya tena. Wewe uliliazima wiki tuliyomzika, ukasema utalirudisha baada ya siku saba. Huu mwaka wa tisa.

Hata mifano hukubadilisha. Kwenye loose na lose umemwacha binti ambaye jino lake linacheza na kesho atalipoteza. Binti huyo ni mimi! Baba alilifunga jino langu uzi, akaandika kwanza, ndipo akavuta. Wewe hukuwepo, ndiyo maana hukujua la kufuta.

Nilikupigia simu, utakumbuka. Sikutaka ugomvi, niliomba tu jina la Baba likae juu ya lako, au hata chini yake. Ukanijibu kwamba hakuna shule itakayonunua kitabu cha Kiingereza cha tarishi, kwamba marehemu hana shida na jalada, na kwamba niangalie koma nilizoajiriwa kuziangalia. Kwenye shukrani umemtaja mkuu wa shule, wifi, hata fundi wa kompyuta. Baba hayumo. Iliniuma, na inaniuma hadi sasa ninapoandika.

Mimi nami si malaika. Shuleni niliwaambia wenzangu kuwa baba yangu ni karani. Alinisikia siku aliyoniletea mwavuli, akaukabidhi mlangoni na kuondoka zake kama mtu aliyetumwa tu.

Sasa sikia nililofanya. Hapa kwetu jalada hupitishwa mwisho kabisa. Msahihishaji akishagonga muhuri wake hakuna anayelisoma tena, kwa sababu kila mtu anaamini mwenzake ameshalisoma. Nilifuta jina lako, nikaweka la Baba, nje na ndani, na chini yake neno moja: tarishi. Nikagonga muhuri. Nakala elfu tatu zimetoka jana, na maboksi utakayofungua Jumamosi kwenye uzinduzi mbele ya wageni wako ndiyo hayo hayo. Msimamizi akijua atanifukuza. Meza yangu nimeshaisafisha.

Nakala ya kwanza nimempelekea Mama. Kiingereza hajui, lakini jina la mumewe analisoma. Alilipitishia kidole mara tatu, akalia, kisha akauliza kwa nini hukumwambia kuwa unamfanyia Baba jambo kubwa namna hii. Nilimjibu kwamba ulitaka iwe siri.

Jumamosi atakuja na goti lake hilo hilo, na ameomba kiti cha mbele. Ukitaka kuwaambia wageni kuwa jina lile limekosewa, utamwambia yeye akiwa anakutazama.

Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao.

Mdogo wako,
Kibogoyo